Yasini Juu ya Vugo

Hapa kwetu Shella, Malindi, ukilitaja jina la Bi Shekha mbele ya wanawake, hatakosekana mmoja wa kukwambia kwamba ndiye yule aliyechanganya Yasini na vugo kwenye hitima ya watu. Husema huku akicheka, kisha humwomba Mungu msamaha kwa kucheka. Mimi nilikuwamo katika hitima ile. Nilijua kilichoitangulia na nikaona kilichoifuata. Elimu yangu ni ya darasa la nne, lakini macho nimepewa, na nitaandika yale macho yaliyoona.

Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na kichochoro tu. Mlango wake ukilia, najua kama ni yeye atokaye au ni mgeni aingiaye. Mume wangu hunitania kwamba ningekuwa polisi ningekwisha kupandishwa cheo. Na acheke. Nina binti, na mwenye binti hulala jicho moja.

Bi Shekha ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi kibarazani kwake. Lakini kazi iliyompa jina ni ya kaseti. Ana redio kubwa ya matundu mawili ya kaseti, aliyoletewa na nduguye kutoka Dubai, na huifunika kitambaa cha kufuma kama mwali. Kukiwa na harusi, yeye ndiye huitwa siku ya vugo. Siku hiyo ni ya wanawake peke yao: milango hufungwa, pembe za nyati hupigwa kwa vijiti, na kila mwenye lake moyoni hulitoa kwa wimbo. Wifi hupigwa dongo, jirani hupigwa dongo, na waume nao hawasalimiki. Bi Shekha huketi pembeni na redio yake, akarekodi yote.

Siku ya fungate wanawake hukusanyika tena wakasikiliza. Wakacheka, wakaumbuana, wakasameheana. Baada ya hapo kaseti hurudi kwa Bi Shekha ili ifutwe, kwa sababu sauti ya mwanamke aliyeimba ndani ya ua haifai kusikika barabarani, dukani, wala kwenye gari la abiria. Ndiyo kawaida yetu tangu redio hizi zilipoingia, na mlinzi wa kawaida hiyo alikuwa yeye.

Nimemwona akifuta mara nyingi. Alikuwa na plagi ndogo iliyokatwa waya wake, haina kipaza sauti mwishoni. Aliichomeka kwenye tundu, akabonyeza kitufe cha kurekodi, na redio ikarekodi kimya. Upande wa kwanza mpaka mwisho, kisha akageuza upande wa pili. Lakini kabla hajabonyeza, humtazama mwenye kaseti na kumuuliza neno moja: "Umeamua?" Usipojibu, hafuti. Ukijibu kwa kusitasita, hukwambia uende ukarudi kesho.

Neno hilo lina asili yake. Miaka ya sabini mumewe alikuwa Jedda akifanya kazi ya bandarini. Hakujua kuandika, kwa hiyo alituma barua kwa kaseti, kama walivyofanya wengi. Barua hizo zilisikilizwa na mtaa mzima, maana mwandikaji humsalimu kila mtu kwa jina, na nani asiyetaka kusikia jina lake likitoka Uarabuni? Jioni moja tulikaa uani kwao, kaseti ikawekwa. Yule bwana akasalimu wazee, akasalimu majirani, akamsalimu hata muuza kahawa. Akakohoa. Kisha kwa sauti ile ile ya salamu akasema kwamba amemwacha Shekha binti fulani talaka moja, na asimsubiri.

Hakuna aliyejua pa kuweka uso. Bi Shekha aliinuka, akaizima redio, akaingia ndani. Kesho yake aliazima redio ile kwa mwenyewe na akaifuta kaseti yote, pande mbili. Hakutaka sauti ile ibaki duniani. Lakini alipokwenda kwa kadhi aandikiwe talaka yake, kadhi akamwambia alete kaseti aisikilize. Kaseti ilikuwa kimya kama kaburi. Mume kuulizwa, akajificha. Bi Shekha alikaa miaka miwili si mke si mtalaka, mpaka mtu wa Mambrui aliyekuwa Jedda akaja kutoa ushahidi. Ndipo akajifunza kwamba kufuta ni jambo la kuamua, si la kukimbilia. Na ndipo akajiapia kwamba mwanamke mwingine hatavuliwa nguo na kaseti mbele ya watu, ikiwa yeye yupo.

Sasa nije kwa binti yangu.

Tumu wangu alikuwa na miaka kumi na minane, na alikuwa ameposwa na Awadh, kijana wa Bi Mishi, aliyekuwa akifanya kazi Jedda. Posa njema, kijana mwenye adabu, mahari yamekubaliwa. Bi Mishi, mama yake, ni mjane mwenye heshima na mdomo. Hulifunga kabati la sukari kwa ufunguo, na ufunguo huo huuning'iniza shingoni mchana kutwa. Mji mzima unajua.

Kwenye harusi ya binti wa dada yangu, siku ya vugo, Bi Mishi hakuwapo. Alikuwa na homa. Wasichana wakamchokoza Tumu, naye akainuka akaimba. Ubeti mmoja tu. Ulihusu mkwe na ufunguo wa sukari. Sitauandika. Ua mzima ulianguka kwa vicheko, nami nilicheka mpaka nikashika ukuta, huku moyo ukiniambia: na kile kitu chekundu kinachowaka kwenye redio ya Bi Shekha, je?

"Usihofu, Mama Tumu," Bi Shekha aliniambia siku ya fungate. "Wiki hii hii naufuta."

Lakini wiki hiyo bintiye aliyeolewa Matsangoni alishikwa na uchungu kabla ya wakati, naye akafunga kitambaa kichwani akaondoka mbio. Ufunguo wa nyumba akauacha kwangu, kuku wapate mtu wa kuwalisha. Mlishaji akawa Tumu.

Katikati ya wiki Bi Mishi akaleta ujumbe. Alikuwa anamfanyia marehemu mumewe hitima, nayo itakuwa Alhamisi baada ya alasiri, wanawake watupu. Alitaka kaseti ya Yasini kwa sauti ya Mwalimu Badi, ile aliyo nayo Bi Shekha, arekodiwe ya kwake. Tumu akamwambia mleta habari, "Mwambie mama asihangaike. Nitamletea mimi mwenyewe."

Nilifurahi. Nikajisemea, mwanangu ana akili, ameanza kumhudumia mkwewe. Jumatano akapeleka kaseti, akarudi uso ukimng'aa.

Alhamisi wakati wa alasiri mlango wa Bi Shekha ulilia. Nikajua ni yeye, maana huusukuma kwa bega. Sikungoja, nikavuka kichochoro.

"Shikamoo, Bi Shekha. Mtoto je?"

"Marahaba. Mtoto wa kiume, mama na mwana hawajambo, alhamdulillahi." Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameinamia mkebe wa biskuti anamohifadhi kaseti, anazitoa moja moja. "Mama Tumu, kaseti ya harusi yenu siioni."

Nikamwita Tumu. Akaja akifuta mikono yenye unga.

"Mwanangu," Bi Shekha alimuuliza, "kaseti ya vugo umeiona?"

"Nimeifuta, Bi Shekha!" Tumu alisema, na uso wake ulikuwa umefurahi kweli. "Nilikuwa siwezi kulala kwa sababu yake. Bi Mishi alipotaka Yasini nikaona Mungu kanifungulia njia. Nimeirekodi Yasini juu yake."

"Ukamaliza upande mzima?"

"Nimerekodi mpaka Mwalimu Badi alipomaliza dua. Kisha nikazima."

"Na iliyobaki?"

"Iliyobaki ipi?"

"Kanda iliyobaki, mwanangu. Baada ya Yasini."

Tumu alitutazama kama aliyeulizwa jua huchwea wapi. "Bi Shekha, si Yasini hiyo? Shetani mwenyewe hukimbia ikisomwa. Ngoma itabaki wapi?"

Bi Shekha alikaa juu ya kigoda. Alisema polepole, "Kaseti ile ni ndefu. Yasini haifiki nusu ya upande."

Hapo nikaelewa. Wimbo ulikuwa bado umo humo humo, unangoja zamu yake. Kaseti ingechezwa, Mwalimu Badi angemaliza, na nyuma yake wangetoka wanawake na pembe zao, na mwanangu na ufunguo wake wa sukari, ndani ya nyumba ya mwenye ufunguo, siku ya kumkumbuka mumewe.

"Twende tukaichukue," nilisema. "Tumwambie tunataka kuifuta sehemu ya mwisho."

"Na vile vijino vya mgongoni?" Bi Shekha alimuuliza Tumu. Kila kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, redio haikubali kurekodi juu yake tena.

"Nimevivunja," Tumu alisema, na sasa sauti ilikuwa inamtokea puani. "Nilisema asije mtu akaifuta Kuran."

Tulivaa mabuibui yetu. Tumu naye akataka kuja. Nikamwambia akitoka nje ya mlango huu asiniite mama. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha zamani. Nilimtangulia Bi Shekha, nikarudi nyuma, nikamtangulia tena. Mzee wa watu alikuwa ametoka safari na magoti yalimuuma.

Hatujafika tuliisikia sauti ya Mwalimu Badi. Ilikuwa inatoka dirishani, nzuri, ya taratibu, na mpita njia mmoja alikuwa amesimama anasikiliza. Nilitega sikio nijue yuko wapi. Alikuwa kwenye kisa cha yule mtu aliyekuja mbio kutoka pembe ya mji kuwaonya watu wake. Nikashukuru. Bado mapema. Yasini naijua kwa moyo, wala siku ile sikuwa na saa nyingine.

Ndani mikeka ilikuwa imejaa. Udi ulifuka. Wanawake wamekaa bega kwa bega, vichwa vimeinama, juzuu mapajani. Bi Mishi alikuwa mwisho wa chumba, amevaa leso mpya, na redio iko juu ya kimeza kando yake. Kiganja chake kilikuwa juu ya redio ile kama cha mtu aliyemshika mtoto asitoroke. Ilikuwa zawadi ya Awadh.

Tulipotaka kupenya, mwanamke mmoja mnene akanivuta leso. "Kaeni hapo hapo. Mnaruka watu wanaosoma? Mmechelewa, basi mngojee."

Nikakaa. Ningefanya nini? Lakini Bi Shekha hakukaa. Alipiga magoti, akaanza kusogea kwa magoti, akiomba radhi kwa kila aliyemgusa. "Niwie radhi, mwanangu. Nipishe, mamangu. Kiuno, siwezi kukaa penye upepo." Mmoja akapisha, mwingine akajikaza makusudi. Nilimwona akizunguka sinia la halua, akazunguka mtungi wa maji, na Mwalimu Badi naye anakwenda. Akafika kwenye salamu ya Mola kwa watu wa peponi, akairudia mara tatu kama kawaida yake. Bi Shekha alikuwa hajafika hata nusu ya chumba.

Nilikuwa nimefungua juzuu lakini sioni herufi. Nilimtazama Bi Mishi. Alikuwa amefumba macho na machozi yalimtiririka, anamkumbuka mumewe. Yule marehemu alikuwa mtu mwema. Nikamwomba Mungu amrehemu na mimi anifiche.

Mwalimu Badi akafika kwenye mti mbichi unaotoa moto. Hapo hazijabaki aya nyingi. Bi Shekha alikuwa amekwama nyuma ya bibi mmoja kiziwi ambaye hakumsikia kabisa, amekaa kama gunia. Akamzunguka. Yasini ikamalizika. Wanawake wakavuta pumzi, wakainua mikono, dua ikaanza, na kila pahali palisikika "Amin, amin." Hakuna aliyeona ajabu mtu mmoja kuwa anatembea kwa magoti katikati ya dua, maana wote walikuwa wamefumba macho. Ila mimi.

Dua ikaisha. Bi Mishi akasema, "Al-Fatiha," na chumba kizima kikanyamaza, kila mmoja anasoma moyoni. Hakuna aliyekumbuka kuizima redio. Niliviona vile vigurudumu viwili vinazunguka.

Ikasikika tak, pale Tumu alipozima. Kisha pembe: ko-ko-ko, ko-ko-ko. Vigelegele vikapasuka ndani ya chumba kile kama mtu aliyeangusha sahani. Na juu ya vigelegele, sauti changa, safi, niliyoizaa mwenyewe: "Nna mkwe wangu mie..."

Mkono wa Bi Shekha ulipita chini ya mkono wa Bi Mishi na kubonyeza kitufe.

Yule bibi kiziwi peke yake ndiye aliyekuwa bado anasoma.

"Nini hii?" Bi Mishi alisema. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Nini hii nimeisikia nyumbani mwangu?"

"Ni yangu," Bi Shekha alisema, bado yuko magotini.

"Yako vipi?"

"Kaseti yangu, na kosa langu. Nilirekodi Yasini juu ya kaseti ya harusi, nikasahau kuimaliza kuifuta. Tumu alikupa alichokikuta kwangu. Hakujua lililomo."

"Weye, Shekha? Weye unayejisifu hakibaki kitu?"

"Mimi."

"Makubwa!" alisema yule mnene nyuma yangu. "Kuran na vugo sahani moja."

"Uzee huo," mwingine akajibu.

"Uzee gani? Dharau. Mtu akikosa mume hana cha kuogopa."

Wengine walicheka kwa leso midomoni. Bi Shekha alikuwa ameinamisha kichwa. Aliinua macho mara moja akanitazama mimi tu, na macho yale yaliniambia ninyamaze.

Bi Mishi aliitoa kaseti kwenye redio kwa ncha za vidole akamtupia mapajani. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mama Tumu. Aliyeniletea ni bintiyo, si Shekha. Stambuli anasafiri kwenda Jedda Jumamosi. Awadh atayasikia ya leo, na atayasikia kwa sauti yangu."

Stambuli alikuwa binamu yake, mchukuzi wa kaseti zote za kwenda na kurudi. Nilijua maana ya neno lile. Barua ya sauti ya mama mwenye hasira, masikioni mwa kijana aliye mbali, haina wa kuijibu. Posa ya mwanangu ilikuwa imeniingia mkononi na sasa naiona inateleza.

Kabla ya magharibi Bi Shekha alikuwa dirishani kwake, kaseti na bisibisi mkononi. Aliizungusha kwa penseli, akasikiliza kidogo, akairudisha, akasikiliza tena, mpaka akaipata ile "amin" ya mwisho. Hapo akafungua skrubu zake, akakata kwa wembe. Yasini akaiunga vizuri kwa selotepu akairudisha kwenye ganda lake. Ile iliyobaki, utepe mrefu mweusi uliojikunja, aliuweka kiganjani.

"Umeamua?" alimuuliza Tumu.

Tumu alikuwa analia tangu tuliporudi. Akatikisa kichwa kukubali. Bi Shekha akautia utepe kwenye jiko la makaa. Ulijinyonga kama mnyoo, ukatoa harufu mbaya, ukaisha.

"Kesho asubuhi nitakwenda kumwambia Bi Mishi ukweli," Tumu alisema. "Siwezi kukubali watu wakutukane kwa ajili yangu."

"Hutakwenda."

"Kwa nini, Bi Shekha?"

"Nimekwisha kuifuta. Ukienda kumwambia, utakuwa umeirekodi upya, na mara hii ndani ya kichwa cha mkweo. Huko plagi yangu haifiki." Akamfuta machozi kwa ncha ya leso. "Mimi nilivuliwa nguo uani, mbele ya majirani. Nimezoea. Wewe usizoee."

Ijumaa asubuhi alimpelekea Bi Mishi kaseti ya Yasini, safi. Niliona kwa mbali: mlango ulifunguliwa kidogo, mkono ukatoka, kaseti ikaingia, mlango ukafungwa. Hakukaribishwa hata maji. Aliporudi alikuta wanawake wawili wanamngoja kibarazani. Hawakuja kununua mahamri. Walitaka kaseti zao zilizokuwa kwenye mkebe, zote, kabla hazijafutwa. "Tutatafuta mtu mwingine," mmoja alisema, "asiyesahau." Akawapa. Mchana wakaja wengine.

Mimi siku ile sikupika kitu kikaiva. Nilikuwa nikitoka nje kutazama nyumba ya Stambuli, kama mizigo yake imefungwa. Mume wangu aliniuliza nimepoteza nini. Nikamjibu, "Bado."

Baada ya swala ya alasiri nilikuwa kwa Bi Shekha, namsaidia kukanda unga wa mahamri ya kesho, ingawa hatukujua atanunua nani. Mlango ukalia. Si wa bega. Ulisukumwa kwa vidole. Nikachungulia. Bi Mishi, peke yake, buibui limemshuka mpaka machoni.

Nilijitupa nyuma ya pazia la chumba cha ndani na mikono yangu ya unga. Nilidhani amekuja kumaliza aliloanza.

"Hodi."

"Karibu, Bi Mishi. Keti."

"Sikuja kukaa." Kisha nikasikia kitu kidogo cha plastiki kikiwekwa juu ya meza. "Nilimrekodia Awadh jana, baada ya watu kuondoka. Nilikuwa na hasira. Leo nimejaribu kurekodi juu yake maneno mengine. Lakini redio yangu haifuti sawasawa. Nikisema, 'Mwanangu, sisi hatujambo,' chini yake nasikia sauti yangu ya jana, kama mtu anayenong'ona kisimani."

"Kichwa cha redio kimechafuka," Bi Shekha alisema. "Hiyo huacha kivuli."

"Stambuli anakuja kuichukua magharibi."

Nilimwona Bi Shekha kwa upenyo wa pazia. Alikuwa anaitazama kaseti ile, na mimi nilikuwa naitazama pia, maana ndani yake alikuwamo mwanangu na ndoa yake. Angeweza kuisikiliza. Angeweza kumwambia Bi Mishi, jana umenifanya mbwa, leo nimekuwa mtu? Mimi ningesema. Walahi ningesema.

"Umeamua?" alimuuliza.

"Nini?"

"Ikifutwa haitarudi. Kesho ukiitaka hasira ile, huipati. Nauliza umeamua?"

Bi Mishi alishika ufunguo wake shingoni, akauzungusha, akauachia.

"Nimeamua."

Bi Shekha alizima spika asisikie neno, akachomeka plagi yake isiyo na kitu, akabonyeza. Wakakaa wawili wale wakitazama vigurudumu vikizunguka kimya kimya, upande wa kwanza, na upande wa pili. Mimi nyuma ya pazia unga ulinikaukia mikononi na mguu ukafa ganzi, na sikuthubutu kuusogeza.

Ilipokwisha, Bi Mishi akaitia kaseti chini ya buibui. Alifika mlangoni akasimama, kisogo kwetu.

"Na ile ya hitima, Shekha."

"Naam."

"Kabla hujaizima. Kuna msichana alikuwa ameanza kuimba."

Nilifumba macho.

"Msichana gani?" Bi Shekha aliuliza.

Nje wauza samaki walikuwa wanapita wakinadi.

"Hata mimi nauliza," Bi Mishi alisema. "Msichana gani?" Kisha akainua sauti, bila kugeuka. "Na huyo aliye nyuma ya pazia mwambie wapange siku, Ramadhani isije ikatukuta. Na mwambie anawe mikono, unga unamdondoka mpaka huku."